Mimea ya Ukuta wa Mwalimu Stela

Mwaka huu, msibani Manundu, nilimsikia mwanamume mmoja akiwaambia watu kwamba ule ukuta wa mlimani uliofunikwa mimea ulijengwa na kutunzwa na ukoo wa mume wa marehemu. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kula, na wenzake kwenye viti vya plastiki wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa napita na sinia la vikombe vya chai. Nilisimama nikasema, "Baba, hilo si kweli." Akanitazama kama anayetazama kuku aliyeingia sebuleni. "Na wewe ni nani?" Nikamjibu, "Mimi ndiye niliyeipanda hiyo mimea." Watu wakaguna, mama mmoja akanishika mkono akasema tuuheshimu msiba, na kweli nikauheshimu; nikagawa chai yangu mpaka kikombe cha mwisho, naye nikampa cha kwake. Lakini nilipofika nyumbani nilitafuta daftari. Mwalimu Stela amezikwa, hawezi tena kujisemea. Basi nitasema mimi, na asiyependa aandike la kwake.

Nilifika kwake nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikotoka na sababu zilizonitoa si habari ya leo. Itoshe kusema nilitoka Handeni, kwamba nilihitaji kazi, na kwamba mtu fulani alimwambia Mwalimu kuwa Mwanaidi anajua kufua na hana maneno mengi. La kufua lilikuwa kweli. Nyumba yake ilikuwa juu milimani, mahali ambapo asubuhi ukitazama chini huoni Korogwe, unaona ukungu tu umejaa bondeni kama maziwa ndani ya bakuli. Alikuwa mjane, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mrefu aliyetembea kama bado ana chaki mkononi. Alitaka kupokea wageni, watu wa Tanga na Dar wanaotafuta hewa baridi, na alikuwa na vyumba vitatu vilivyonukia dawa ya mbao na mashuka yaliyopigwa pasi ya mkaa. Chumba changu kilikuwa cha nne, kama kinafaa kuitwa chumba: kilikuwa nyuma ya jiko, ukuta mmoja umepakwa masizi na moshi wa kuni, ukuta wa pili ni mbao zilizotenganishwa na sebule kwa upana wa kidole. Humo ndimo nilimopata elimu yangu yote ya mwaka ule, maana kila lililosemwa sebuleni lilinifikia kitandani, niwe nataka ama sitaki.

Masika yaliyotangulia, kabla sijafika, ardhi ya mbele ya nyumba ilikuwa imeteremka. Mama Lusia, mpishi, alikuwa akinisimulia kila tulipomenya ndizi: jinsi alivyosikia mlio kama wa lori likimwaga mawe, na alipotoka akakuta jiko la zamani halipo, na kuku wake saba wapo kwenye shamba la jirani chini kule, wawili tu wakiwa hai. Nyumba ilibaki ukingoni. Mwalimu alichukua kiinua mgongo chake akamwita Mzee Shebughe, mwashi aliyekuwa hasikii sikio la kulia, akamjengea ukuta wa mawe na saruji wa kushikilia udongo, mrefu kumzidi mtu, wenye matundu ya kutolea maji yaliyopangwa mistari miwili. Ulikuwa ukuta imara. Ulikuwa pia mbaya wa sura, sina neno jingine. Mgeni akipanda kutoka barabarani, kabla ya kuona nyumba, aliona kwanza jiwe tupu la kijivu limemkunjia uso.

Aliyeufurahia ubaya huo ni Bwana Elikana, mdogo wa marehemu mume wake. Alikuwa akija kila Jumapili baada ya ibada, anakaa kwenye kiti cha kaka yake bila kukaribishwa, anakula ndizi za nazi za Mama Lusia sahani mbili, halafu anaanza. Nilimsikia kwenye mbao zangu. "Shemeji, umejijengea jela." Siku nyingine alikwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. "Ardhi hii ni ya kaka. Wewe ulikuja hapa na sanduku la bati." Mwalimu akamjibu, naye alikuwa hapandishi sauti kamwe, "Na sanduku hilo nitalibeba siku nitakayotaka mwenyewe, shemeji. Ongeza mchuzi?"

Mwalimu alitaka mimea ya kuteremka. Aliipenda kuliko ya kupanda juu. Alisema ua linalopanda linamkumbusha mtu anayetafuta cheo. Akaagiza vitambazi kutoka Hale, kwa dada mmoja aliyekuwa na bustani nzuri karibu na mto, vyenye majani mapana yenye mabaka ya njano, laini kama sikio la ndama. Vilipandwa mwezi wa sita juu ya ukuta, na kwa wiki tatu vilipendeza. Kisha kipupwe kikaingia. Mimi sikuwahi kuona baridi ya namna ile. Nilifua na vidole vikakataa kufunga. Asubuhi moja ya Julai nilitoka kuanika nikakuta majani yote yamekuwa meusi, yamelegea, yananing'inia kwenye jiwe kama matambara ya jikoni. Mwalimu alisimama pale na kikombe chake, hakusema kitu. Jumapili Bwana Elikana alisimama palepale akasema kwa wote wawili. "Unaona? Hata maua yamekukataa. Ardhi inawajua wenyewe."

Usiku ule sikusikia kitu sebuleni, hata kurasa za kitabu. Kesho yake, nikiweka chai mezani, nikasema, "Mwalimu, naomba nijaribu mimi." Yalikuwa maneno mengi kwangu. Bwana Elikana, ambaye alikuwa amelala pale kwa sababu ya mvua ya manyunyu, alicheka mpaka akakohoa. "Mtoto wa Handeni anajua nini cha baridi? Kwao umande ni hadithi." Mwalimu alinitazama muda mrefu, kama anayesahihisha insha. Akasema, "Jaribu."

Sasa nina kitalu changu mwenyewe, na watu huniuliza nilisomea wapi. Nilisomea kwenye kibonde cha nyuma ya jiko. Pale ndipo ukungu ulipokuwa ukilala, mahali pa baridi kuliko pote pale nyumbani. Asubuhi chache nyasi zake zilikuwa nyeupe, ukizikanyaga zinalia. Nikawaza: mmea utakaoishi hapa, ukutani utacheza ngoma. Nikakusanya makopo ya maziwa na ya mafuta, nikatoboa chini, nikazunguka kijiji kizima kuomba vipande. Niliomba makaburini, niliomba kanisani, niliomba kwenye mabanda ya watu. "Onga makeo," nilikuwa nawaamkia kwa Kishambaa changu cha kuvunjika, nao wanacheka na kunipa. Kila kopo nililiweka kibondeni na kila alfajiri niliinama kulitazama. Sikuyajua majina ya mimea hiyo, kwa hiyo niliipa yangu. Kulikuwa na Mwavuli, mwenye ua la rangi ya chungwa. Aliishi wiki mbili kwa mbwembwe, akafa kabisa kwa siku moja. Kulikuwa na Buluu, jani dogo la kung'aa na ua la rangi ya anga, ambaye hata nyasi zilipokuwa nyeupe alikunja majani tu akasubiri jua. Kulikuwa na jeraniamu ya kutambaa iliyonukia ndimu, aliyonipa mke wa mwinjilisti, iliyoungua ncha na kuchipua tena. Na kulikuwa na Nyota, jani la pembe tano lililokuwa limefunika ukuta mzima wa kanisa la zamani, ambalo baridi haikuligusa hata kidogo.

Nilidhani nimemaliza kazi. Nilimwonyesha Mzee Shebughe kopo la Nyota kwa majivuno. Akaligeuza, akatazama chini ya kikonyo palipotoka vijizizi kama miguu ya tandu, akaniwekea sikio lake zima. "Umeuona ukuta wa kanisa kwa ndani?" Sikuwa nimeuona. Akanipeleka. Saruji ilikuwa imeliwa, na jani moja la kijani, bichi kabisa, lilikuwa limetokeza ndani ya madhabahu. "Huyu hapambi nyumba," alisema mzee. "Huyu anaila polepole. Mimi nimekujengea ukuta, usinipandie mwizi. Na matundu yangu uyaache wazi. Ukuta hauangushwi na udongo, binti, unaangushwa na maji yaliyokosa njia." Niliung'oa Nyota siku ileile, na iliniuma, maana ndio uliokuwa mzuri kuliko yote. Nimewafundisha wengi tangu hapo kwamba mmea kutokufa hakutoshi. Uulize pia unaishi kwa kula nini.

Nilibakiwa na miwili, na haikutosha. Ukuta ule ulitazama magharibi. Januari na Februari jua lingeuchoma jiwe mpaka usiweze kuegemea, na Buluu hakupenda kuchomwa. Ndipo liliponijia jambo ambalo nililisema kwa sauti peke yangu jikoni, na Mama Lusia akadhani naumwa. Baridi na ukame ni ndugu. Vyote viwili vinalinyang'anya jani maji. Jani nene la kwetu, linalokaa miezi bila mvua juu ya mwamba, linaijua njaa hiyo tayari. Nikaomba ruhusa ya siku tatu, nikashuka Korogwe, nikapanda basi la Handeni. Nje ya mji, kwenye mawe ambayo nilikuwa nikiyaona tangu utoto bila kuyatazama, niliukuta: mmea wa kutambaa wenye majani mafupi yaliyonona kama vidole vya mtoto mchanga. Mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa akichunga ndama alisimama kunitazama nikibandua. "Unaiba magugu?" Nikamwambia naenda kuyapanda kwenye bustani ya mwalimu. Alishika tumbo kwa kicheko, kisha akaweka fimbo chini akanisaidia kujaza kiroba. Kule kibondeni Vidole, ndivyo nilivyowaita, waliona haya siku tano, wakageuka wekundu, mimi nikafunga safari ya kukata tamaa. Siku ya kumi walianza kutambaa.

Tulipanda Septemba. Nilichanganya udongo na samadi ya mbuzi na majani yaliyooza ya msituni, nikaweka mche kila kiasi cha shubiri mbili, ukingoni kabisa, ili ugusane na jiwe. Hilo pia nililigundua kwenye makopo: yale niliyoegemeza kwenye mwamba yalipona haraka, kwa kuwa jiwe linakunywa jua mchana na kulitema polepole. Vidole kusini kunakochomwa zaidi, jeraniamu katikati, Buluu kwenye kivuli cha mparachichi. Vuli ikaja kwa wakati. Kufikia Desemba mikono ya kwanza ilikuwa imevuka ukingo na kuanza kuteremka, na Mwalimu akawa anakunywa chai yake pale nje hata kukiwa na manyunyu.

Wakati huo kesi ilikuwa imefika baraza la kata. Bwana Elikana alikuwa amelalamika kwamba shemeji yake amejimilikisha ardhi ya ukoo, na wazee wa baraza walikuwa wamesema watapanda kuja kuona kwa macho kilichofanyika juu ya ardhi hiyo na nani amekifanya. Asubuhi moja Mwalimu akiwa ameshuka Korogwe kupeleka karatasi zake, Bwana Elikana alitokea kwenye njia na vijana wawili wa kibarua wenye majembe. Nyuma yao, mbali kidogo, alikuwa mkewe, Mama Yona, mwanamke mwembamba ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu. Nilimwamkia mzee shikamoo. Hakuitikia.

"Ng'oeni haya majani," aliwaambia vijana. "Yanaharibu ukuta."

"Hayaharibu, baba," nikasema. "Mzee Shebughe ameyakagua."

"Nimekuuliza wewe?"

Sikuwa na mpango. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nao. Nilipita kati yao nikaenda kuketi ukingoni mwa ukuta, miguu inaning'inia upande wa nje, Vidole wangu kushoto na kulia. Chini yangu palikuwa na kimo cha mtu na zaidi. Nikashika jiwe kwa mikono miwili.

"Toka hapo, binti. Utaanguka."

"Sitoki."

"Wewe ni mfanyakazi wa ndani!"

"Ndiyo, baba. Na aliyenipa kazi hii hayupo. Akirudi akiniambia ng'oa, nitang'oa mwenyewe, hutahitaji vibarua. Lakini wewe ukitaka leo, anza na mimi."

Mama Lusia alikuwa amesikia. Akatoka jikoni na mwiko ambao bado ulikuwa na ugali. Alikuja tu akasimama nyuma yangu na mwiko wake, unafuka moshi. Nilihisi joto la gauni lake mgongoni. Kijana mmoja akashusha jembe. "Mzee," alisema, "sisi tuliambiwa kuna kulima. Hii si kulima." Mwenzake alikuwa ameshaanza kushuka. Bwana Elikana alibaki peke yake na hasira yake, na hasira ikiwa haina mfanyakazi haina mengi ya kufanya. Akainama, akanyofoa tawi moja la jeraniamu, akalitupa njiani, akaenda. Mkono wake lazima ulinukia ndimu mpaka nyumbani. Nami, ili nisije nikaonekana shujaa kuliko nilivyokuwa, niseme pia kwamba Mama Lusia alinibandua pale kidole kimoja kimoja, na nililia ghalani nimejifunika gunia la maharage mpaka chakula cha mchana. Tulikula mchunga na ugali wa muhogo siku hiyo. Sijawahi kula mchunga mtamu kama ule, nao ni mboga chungu.

Wazee wa baraza walipanda mwezi wa tatu, wanaume watatu na mwanamke mmoja, wakihema. Walikagua mipaka, wakakagua nyumba. Kisha wakasimama chini ya ukuta, ambao kwa wakati huo ulikuwa umefunikwa hadi nusu, kijani na buluu na wekundu wa Vidole waliokomazwa na jua. Yule mama wa baraza akauliza nani amepanda. Mwalimu akanisogeza mbele. "Kwa amri ya nani?" aliuliza mzee mmoja. Nikasema, "Kwa amri ya Mwalimu. Kwa akili yangu." Walicheka, lakini mama yule hakucheka, aliandika. Hukumu ilipotoka haikuwa ushindi wa kupigiwa vigelegele. Nyumba na eneo lote lililoshikwa na ukuta vilibaki vya Mwalimu, bila mtu kumgusa. Shamba la kahawa la chini, ambalo yeye na mumewe walilipanda pamoja wakiwa wapya, likarudi kwa ukoo. Nilimsikia kupitia mbao akilia kwa ajili ya ile kahawa, mara moja tu, kilio kifupi kama mtu aliyejikwaa. Asubuhi alinikuta jikoni akasema, "Walichotaka ni kunifukuza, Mwanaidi. Mimi niko hapa, nanywa chai." Akanywa.

Hao ndio ukoo uliojenga ukuta na kuutunza. Nimeliandika hili hapa kwa wino, na nina umri ambao mtu hawezi kunitisha kwa kuniuliza mimi ni nani.

Masika ya mwaka huo yalikuja kama yana ugomvi. Mvua ilipiga siku tatu bila kupumua. Tulikaa jikoni sote watatu, tukisikiliza, na kila baada ya muda Mwalimu alijifunika turubai akaenda kutazama. Mara ya nne nilimfuata. Maji yalikuwa yanatoka kwenye matundu ya Mzee Shebughe, yote, mistari yote miwili, safi kama ya bomba, yanapita katikati ya mimea bila kuibeba. Udongo haukutoka hata konzi. Mimea ilikuwa imeushikilia kwa juu na jiwe kwa chini. Mwalimu aliweka kiganja ukutani akakiacha pale muda mrefu, mvua ikimwagika kwenye mkono wake wa gauni.

Siku ya nne jua lilipotoka tukasikia kwamba ng'ambo ya kijito, kwa Bwana Elikana, ukingo umeporomoka na banda la mbuzi limekwenda. Mama Lusia alisema "Mungu si Athumani" na Mwalimu akamkataza kulirudia. Juma moja baadaye, nikiwa napogoa, nikamwona Mama Yona. Alikuwa amekuja kwa kificho, kupitia nyuma ya migomba, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi.

"Hajui kama nimekuja," alisema.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Akautazama ukuta. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuutazama bila mumewe mbele yake. "Upo mmea unaoshika upesi? Nataka kuuweka nyuma ya nyumba, huko asikopita."

Mwalimu alikuwa dirishani. Hakusema nimpe wala nisimpe, aliniachia. Nikakata Vidole, vipande kumi na viwili vinene, nikavifunga kwenye jani la mgomba, nikamweleza jinsi ya kuvilaza juani siku mbili kabla ya kuvipanda. Kisha nikamwambia, "Nyuma ya nyumba hapana jua, mama. Utavipoteza. Uvipande mbele, mlangoni."

"Akiniuliza?"

"Mwambie ni vyako."

Alikumbatia kifurushi. Midomo yake ilicheza kwanza bila sauti. "Ni vyangu," akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti ambayo Mama Lusia aliisikia jikoni. Akaishusha kanga mabegani, akaipita ile migomba, akashuka kwa njia kuu, katikati, mchana kweupe.